Mwito, Jina na Mzigo: Uhakiki wa Barua ya Kuingia Chuo Kikuu

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wameushughulikia utenzi, shairi, riwaya na tamthilia kwa bidii isiyo haba. Hata hivyo upo utanzu mmoja wa maandishi ambao huingia katika nyumba nyingi zisizo na rafu ya vitabu, ukasomwa na kusikilizwa mara nyingi kuliko riwaya yoyote, kisha ukahifadhiwa sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba. Utanzu huo ni barua ya kumwarifu kijana kwamba amepata nafasi katika chuo kikuu. Ni nadra kuhakikiwa, huenda kwa sababu umehesabiwa kuwa ni karatasi ya ofisi tu, na karatasi ya ofisi hudhaniwa kuwa haina fani wala maudhui.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja: ni kitu gani kinachoifanya barua ya namna hii ikumbukwe? Jibu la haraka ni kwamba hukumbukwa kwa kuwa imeleta habari njema. Jibu hilo halitoshi. Hati ya matokeo ya mtihani nayo huweza kuleta habari njema, lakini mtu hukumbuka alama zake, hayakumbuki maneno ya hati. Jibu la pili ni kwamba barua hukumbukwa kwa uzuri wa lugha yake. Hilo nalo halisimami, kwani barua nyingi za aina hii zimeandikwa kwa lugha kavu ya makarani, na bado wazee waliozipokea miaka hamsini iliyopita huweza kueleza zilisomwa wapi, na nani, na nani alikuwapo.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba barua ya kuingia chuo kikuu hukumbukwa kwa mambo matatu: namna inavyomwita mtu, namna inavyolitaja jina lake, na mzigo inaoitwika nyumba nzima. Nchini Kenya mambo hayo matatu hupita katika mlango wa nne ambao waandishi wa barua hawakuukusudia, yaani tafsiri ya mdomo anayoifanya kijana mbele ya wazazi wake. Katika mlango huo ndimo ilimo kasoro ya barua zetu, na ndimo ilimo kazi ya wasomi wa lugha.

Hodi na Karibu

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba barua hii si mwanzo wa mazungumzo, ni jibu. Kijana amekwisha kupiga hodi kwa kujaza fomu ya maombi, naye anangoja kuambiwa karibu. Katika adabu za Waswahili, mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa huondoka bila kinyongo. Kimya nacho ni jibu. Desturi hii yaeleza tofauti moja kubwa baina ya vyuo vya Marekani na vya kwetu. Kule, kwa miaka mingi, aliyekataliwa aliandikiwa barua kama aliyekubaliwa, na waombaji walijifunza kuisoma bahasha kabla ya kuifungua: bahasha nene ilibeba fomu na maelekezo ya aliyepata, nyembamba ilibeba ukurasa mmoja wa pole. Nchini Kenya, katika enzi ya Bodi ya Pamoja iliyochagua wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma, aliyekosa aghalabu alijua kwamba amekosa kwa kutopata kitu chochote. Wenzake walipokwisha kuandikiwa, naye hakuandikiwa, kimya cha sanduku la posta ndicho kilichokuwa barua yake.

Vitenzi vinavyotumika kulitaja tukio hili vyafaa kupimwa kimoja kimoja, kwani kila kimoja kimebeba uhusiano wake baina ya chuo na mtu. Kitenzi “kukubaliwa” chadokeza kwamba mtu aliomba, na mwenye mlango akaridhia. Hapo mwombaji yuko chini, lakini hiari yake yatambuliwa. “Kuchaguliwa,” neno linalotawala barua za Tanzania, chadokeza kundi: mmoja ametolewa miongoni mwa wengi, na wengine wameachwa. “Kupata nafasi” huufanya uwanja wa elimu kuwa kama behewa lenye viti vya kuhesabu. Furaha ya aliyeketi haitengani na picha ya waliosimama. “Kupangiwa” ni neno la siku hizi, lililopata nguvu baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuanzisha shirika la KUCCPS lililochukua kazi ya Bodi ya Pamoja. Katika neno hili mtu huwekwa mahali kama mtumishi anayepangiwa kituo cha kazi, na si ajabu kuwasikia vijana wakisema wamepangiwa somo wasilolitaka.

Lakini neno ambalo wananchi wa Kenya wenyewe wamelichagua si mojawapo ya hayo. Wao husema, “Ameitwa.” Mtoto wa fulani ameitwa Nairobi, mwingine ameitwa Maseno, na karatasi yenyewe ni barua ya mwito. Neno hili halimo katika barua rasmi, wala halikubuniwa na ofisi. Limezaliwa midomoni mwa watu, nalo lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Anayeitwa huitwa kwa jina lake, na mwito haukamiliki mpaka aitike. Mwito pia una mamlaka ambayo ombi halina: mchungaji hunena kwamba ameitwa kuhubiri, na hata kifo husitiriwa kwa kusema kwamba marehemu ameitwa na Mola wake. Kwa hiyo kumwambia kijana kwamba ameitwa ni kusema kwamba anaondoka, na kwamba haifai kumzuia.

Historia iliutilia nguvu mwito huo. Baada ya jaribio la kuipindua serikali la Agosti 1982, na kufungwa kwa Chuo Kikuu cha Nairobi kulikofuata, serikali iliamua kwamba waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu vya umma wapitie kwanza mafunzo ya Vijana wa Huduma ya Taifa. Utaratibu huo ulianza 1984 na ukaachwa 1990. Kwa kijana wa miaka hiyo, kuitwa chuoni kulikuwa kuitwa mara mbili: kwenye gwaride la Gilgil kwanza, na darasani baadaye. Neno “kuitwa” liliweza kuyabeba yote mawili bila kugeuzwa, “kukubaliwa” lisingeweza.

Sentensi Moja Itendayo

Mwanafalsafa wa Kiingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa chuoni Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba yapo maneno yasiyoeleza jambo bali hulitenda. Kadhi anapofungisha ndoa, hakimu anapotoa hukumu, maneno yao hayaripoti tendo. Ndiyo tendo lenyewe. Barua ya kuingia chuo kikuu ni ya jamii hiyo. Ina sentensi moja tu yenye kutenda, ile inayosema kwamba fulani sasa ni mwanafunzi. Kabla haijaandikwa hakuwa, ikishaandikwa amekuwa. Sentensi nyingine zote ni viegemeo vyake.

Austin alionya pia kwamba maneno matendaji hayategemei ufasaha wake. Hutegemea masharti: awe anayestahili kuyatamka, kwa utaratibu unaotambuliwa, na kwa mtu anayehusika. Mfano ulio wazi ulitokea Marekani mwaka 2009. Mwishoni mwa mwezi wa Machi, Chuo Kikuu cha California cha San Diego kilituma kwa waombaji wake wote ujumbe wa barua-pepe wa kuwakaribisha waliokubaliwa. Miongoni mwa waliopokea walikuwamo takriban 28,000 ambao tayari walikuwa wamekataliwa. Baada ya saa chache chuo kiliomba radhi. Maneno waliyopelekewa hao yalikuwa yaleyale, kwa mpangilio uleule na kwa bashasha ileile. Kilichokosekana ni tendo. Iwapo uzuri wa barua ungekuwa katika maneno pekee, watu 28,000 wangekuwa wamepata barua nzuri. Walichopata ni karatasi ya kejeli.

Kisa hicho chasaidia kupima mtindo wa kuzipamba barua hizi. Vyuo vingi vya Marekani huanza kwa pongezi kubwa na kumsifu kijana kwa vipawa vyake, na vingine huongeza vitu vya kushikwa mkononi. Chuo cha MIT kimejulikana kwa kuwapelekea waliokubaliwa mkebe mrefu wa mviringo badala ya bahasha. Mapambo hayo yana sababu yake ya kiuchumi. Mwanafunzi wa kule huweza kukubaliwa na vyuo kadhaa kwa wakati mmoja, naye ndiye atakayeamua aende wapi. Kwa hiyo barua ni karibu na ni tangazo la biashara kwa pamoja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haina maana kwamba vyuo hivyo ni vibaya; maana yake ni kwamba barua inayojitembeza huwa imeacha kazi yake ya kutenda ikashika kazi ya kubembeleza. Tena sifa ya kipekee inapogawiwa maelfu ya watu kwa maneno mamoja, hupoteza upekee wake.

Barua ya Kenya haina haja ya kubembeleza. Kwa miaka mingi wenye kutaka nafasi walikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache. Mamlaka yote yako upande mmoja. Ndiyo maana huwa fupi na kavu. Ukavu huo si kasoro. Sentensi itendayo huonekana wazi zaidi inaposimama peke yake, kama kisu kisicho na ala. Kasoro yake iko kwingine, kama itakavyoelezwa.

Jina

Katika jadi ya uandishi wa barua za Kiswahili, jina la anayeandikiwa halikutajwa uchi. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na kutokana na nyaraka za namna hiyo yaonekana wazi jinsi waraka ulivyojengwa: ulianza kwa “ila jenabi,” ukafuatisha vyeo na heshima za mwandikiwa, kisha salamu na kuuliziana hali, na ndipo mwandishi akaingia katika jambo lenyewe kwa kusema “ama baada.” Mpangilio huo ulikuwa na falsafa yake. Mtu alithibitishwa kwanza kuwa ni nani na ana uzito gani, kisha ndipo akaambiwa analotakiwa kujua.

Barua ya chuo imeyaondoa hayo yote. Imebakiza jina kwa herufi kubwa, na pembeni yake nambari. Hata hivyo jina hilo ndilo jicho linalolitafuta kwanza. Mpokeaji hasomi barua kutoka juu kwenda chini; hutafuta jina lake, akalihakiki herufi kwa herufi, kisha ndipo akarudi mwanzo. Ana sababu. Jina lililo katika barua ni lile la cheti cha mtihani, na mara nyingi silo analoitwa nyumbani. Kijana aliyepewa jina la babu yake, ambaye shangazi zake humwita “baba” kwa heshima ya marehemu, anakutana hapo na majina matatu yaliyopangwa kwa utaratibu wa karani. Herufi moja ikikosewa, itamlazimu aende kuapa mbele ya wakili kwamba yeye ndiye yeye. Hivyo barua humwita kwa jina lake na papo hapo humpa jina jingine, la kiofisi, ambalo atalibeba mpaka kaburini.

Jina hilo lina nguvu mahali ambapo mamlaka nyingine zimelikubali. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za utotoni, Dreams in a Time of War, kilichotoka 2010, Ngũgĩ wa Thiong’o anasimulia safari yake ya kwanza kwenda shule ya upili ya Alliance mnamo 1955. Nafasi alikuwa nayo. Lakini nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na Wagĩkũyũ, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kusafiri bila kibali. Kibali hakuwa nacho. Wenzake walipanda treni ya abiria, naye akaachwa kwenye stesheni ya Limuru, mpaka alipopitishwa kwa siri katika treni ya mizigo. Jina lake lilikuwa katika orodha ya shule lakini halikuwa katika orodha ya dola. Kisa hicho ni cha shule, si cha chuo kikuu, lakini funzo lake ni moja: mwito ni tendo la taasisi moja, na njia ya kuuitikia hupita katika milango ya taasisi nyingine.

Mzigo

Hapa ndipo barua inapogeuka kutoka kuwa habari ya mtu mmoja ikawa habari ya nyumba nzima. Aya ya kwanza humwambia kijana kwamba amepata. Zinazofuata humwambia alete nini. Katika maelekezo ya kujiunga na shule za sekondari za serikali nchini Tanzania, ambayo huandikwa kwa Kiswahili, sehemu hii ni ndefu na yenye uhai mwingi: jembe, ndoo, ufagio, shuka za rangi iliyotajwa, rimu ya karatasi. Mhakiki anayepuuza orodha hiyo kwa kuwa haina tamathali atakuwa amepitwa. Kila kitu kilichotajwa ni safari ya kwenda dukani, na kila safari ina mtu aliyeigharimia. Shuka zilinunuliwa na mjomba. Ndoo ilikuwa ya jirani. Miaka ikipita, mtu huweza kusahau kilichosemwa katika aya ya kwanza, lakini orodha huikumbuka kwa sababu kila neno lake limefungwa kwenye uso wa binadamu.

Uzito wa mzigo huo umebadilika kwa nyakati. Septemba 1959, vijana 81 wa Kenya waliruka kwenda Marekani kwa ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki wa Kimarekani. Walikuwa na nafasi katika vyuo vya kule. Walichokosa ni nauli, na katika vijiji vingi jamaa na majirani walichanga. Barua ilikuwa na mlango bila njia, na njia ikajengwa na umma. Katika miaka iliyofuata uhuru mambo yaligeuka. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa 1970 na Nairobi kikawa chuo kikuu kamili, serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama za mwanafunzi, na hata baada ya mpango wa mikopo kuanza mwaka wa masomo wa 1974/75, aliyeitwa alijua kwamba atapata malazi, chakula na posho ambayo wanafunzi waliipa jina la “boom.” Wapo waliotuma sehemu ya posho hiyo nyumbani kuwasomesha ndugu zao. Barua ya miaka hiyo ilileta.

Mwaka 1991 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, posho ikaondolewa, na mwanafunzi akaanza kulipia chakula chake sahani kwa sahani. Mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Tangu hapo barua hudai kabla ya kuleta. Kitu kilekile, chenye mhuri uleule na sentensi ileile itendayo, kimebadilika maudhui bila kubadilika fani. Hili ni jambo ambalo mhakiki anayesoma maandishi peke yake, akiyatenga na uchumi wa jamii, hawezi kuliona.

Mabadiliko hayo yameipa barua maisha ya pili. Hunakiliwa, ikaambatishwa kwenye kadi za harambee, ikapelekwa kwa chifu na kwa ofisi ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge inakoombwa basari. Husomwa kanisani na msikitini, na anayeisoma huongeza sifa za mtoto na za ukoo. Kilichoandikwa kwa mtu mmoja kimekuwa maonyesho mbele ya hadhira, na hadhira hushiriki kwa kutoa. Hapo karatasi ya ofisi imeingia katika uwanja wa fasihi simulizi.

Tanzania ilijaribu kuuhusisha umma kwa njia nyingine. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita wasiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali wapitie Jeshi la Kujenga Taifa, wafanye kazi, kisha wapendekezwe na wale waliofanya nao kazi pamoja na chama. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini wazo lake lastahili kuangaliwa: kabla chuo hakijamwita mtu, wenzake walikuwa wamekwisha kusema neno juu yake.

Sauti

Hadi hapa imeonekana kwamba barua huita, hutaja na hutwika, na kwamba mwenye kutwikwa si kijana peke yake. Nchini Kenya, hata hivyo, barua hii huandikwa kwa Kiingereza. Hata kijana anayeitwa kusomea shahada ya Kiswahili huitwa kwa Kiingereza. Katika nyumba ambamo wazazi hawakisomi Kiingereza, anayebaki kuwa daraja ni kijana mwenyewe. Yeye ndiye mwandikiwa, yeye ndiye msomaji, na yeye ndiye mfasiri.

Tafsiri ya namna hii ina tabia zake. Kwanza hufupisha: kurasa sita za masharti hugeuka kuwa, “Nimeitwa, nataka kufika mwezi ujao.” Pili huficha. Kijana anayejua hali ya nyumbani huweza kuitaja karo ya muhula mmoja akainyamazia ya mwaka, au akaliruka sharti la kupoteza nafasi asipolipa kwa wakati. Tatu huongeza: pongezi zisizokuwamo, au ahadi ya mkopo ambayo barua haikuitoa. Wazazi huikumbuka barua kwa maneno ya mtoto wao, si ya msajili. Matini wanayoihifadhi moyoni si ile iliyomo sandukuni.

Yawezekana kudai kwamba tafsiri hiyo ndiyo inayoipa barua joto, na kwamba hakuna hasara. Dai hilo lina ukweli nusu. Joto lipo, lakini limenunuliwa kwa gharama. Mzazi anaombwa auze ng’ombe kwa barua asiyoweza kuihoji. Hawezi kuuliza kama kuna njia ya kulipa kidogo kidogo, kwa sababu hajui kama limeandikwa neno lolote juu ya jambo hilo. Kijana naye anatwishwa uamuzi wa kuchagua aseme nini na asiseme nini, katika siku ambayo ilipaswa kuwa ya furaha tupu. Barua imeificha nyumba inayoitegemea.

Pingamizi mbili zaweza kutolewa dhidi ya kuandika barua hizi kwa Kiswahili. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Lakini barua si mhadhara. Huandikwa kabla ya mhadhara wa kwanza, na huenda nyumbani, si darasani. Isitoshe, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Pingamizi ya pili ina uzito zaidi: ziko nyumba ambamo Kiswahili nacho si lugha ya mama, na bibi wa Kitui au wa Marsabit atahitaji kufasiriwa vilevile. Ni kweli. Lakini mfasiri atakuwa anavuka mto mwembamba zaidi, na walio karibu naye wawezao kumsahihisha, kama jirani, mwenye duka au shemasi, watakuwa wengi. Tafsiri inayoweza kusahihishwa na wasikilizaji si sawa na ile isiyokuwa na shahidi.

Kufasiri barua ya sasa neno kwa neno hakutatosha, kwani ukavu wake wa Kiingereza utageuka kuwa ukavu wa Kiswahili wenye viungo vilivyoteguka. Inahitajika kuandikwa upya, kwa kuzingatia kwamba itasomwa kwa sauti. Mathalani:

“Kwa (majina ya mwanafunzi), pamoja na jamaa zake. Uliomba nafasi ya kusomea Shahada ya Elimu katika chuo hiki. Umeipata. Masomo yataanza tarehe iliyotajwa hapa chini, na siku hiyo ufike mwenyewe na vyeti vyako asilia. Gharama ya mwaka mzima ni hii. Sehemu hii inaombwa kutoka serikalini, na sehemu hii itatoka nyumbani. Asiyeweza kulipa kwa mara moja aiandikie ofisi hii kabla ya siku ya kufika. Hapana atakayefutiwa nafasi bila kusikilizwa. Karibu.”

Mfano huu haudai ubora wa kifasihi. Nia yake ni kuonyesha kwamba sentensi itendayo yaweza kuwa neno moja, “Umeipata,” na likatosha; kwamba jamaa waweza kutajwa tangu mwanzo bila kumnyang’anya mwanafunzi heshima yake; kwamba gharama yaweza kusemwa yote kwa mara moja ili asiwepo wa kuificha; na kwamba neno la mwisho laweza kuwa lile ambalo aliyepiga hodi amekuwa akilingojea.

Hitimisho

Siku hizi barua nyingi za kuingia chuo haziji kwa posta. Kijana hupata taarifa kwa simu, akaingia katika tovuti ya chuo, akaipakua barua na kuichapisha kwenye kibanda cha saiba. Bahasha imekwenda, na pamoja nayo imekwenda ile siku ya kungoja sanduku la posta la shule au la kanisa lifunguliwe. Wapo wanaoona kwamba pamoja na bahasha umekwenda pia ukumbusho. Uchambuzi uliofanywa hapa hauiungi mkono huzuni hiyo. Bahasha ilikuwa ala tu. Mwito, jina na mzigo vingali palepale, na bado karatasi iliyotoka katika mashine ya saiba husomwa jioni mbele ya watu wanaongoja kuambiwa imesema nini.

Kwa kuwa hakuna tena gharama ya stempu wala ya uchapaji, kuweka nakala ya Kiswahili kando ya ile ya Kiingereza ni kazi ya siku chache kwa chuo chochote. Idara za Kiswahili, ambazo huwafunza wafasiri kila mwaka, ndizo zinazofaa kuianza kazi hiyo, na zianzie kwa wanafunzi wanaoitwa kuja kusoma katika idara hizo zenyewe.